Bukoto: Mahindi ya Posho na Mahindi ya Bia

Msafiri atokaye Bukoba kwenda Kampala kwa basi huvuka mpaka Mutukula, akapita Kyotera na Masaka, akateremka hadi kwenye mabwawa ya Lukaya yenye mafunjo, na akiisha kuuvuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe huanza kuviona vilima vya Buganda vikifuatana kimoja baada ya kingine. Giza lilikuwa limekwisha kuingia nilipoteremka mjini. Asubuhi yake nilipanda pikipiki ya abiria, nikaifuata Barabara ya Kira, nikalipita Jumba la Makumbusho la Uganda na mtaa wa Kamwokya wenye shughuli nyingi, hata nikafika Bukoto, nilikokuwa nimealikwa.

Bukoto iko kaskazini-mashariki ya kitovu cha mji, katika tarafa ya Nakawa, baina ya Kamwokya, Kisaasi, Ntinda na kilima cha Naguru. Ni mtaa wa watu wa kila hali. Yako maghorofa ya zamani ambayo wenyeji huyatambulisha kwa rangi zake, meupe na ya kahawia. Ziko nyumba za fahari zenye kuta ndefu na walinzi malangoni. Tena ziko nyumba za mabati zilizobanana bondeni, ambako akina mama huchoma mahindi kando ya njia jua linapopungua. Kilimani Naguru, jirani kabisa, ndiko yaliko makao makuu ya Jeshi la Polisi la Uganda. Kwa hiyo sare ya polisi haimshtui mtu hapa, na Kiswahili, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa lugha ya askari wa nchi hiyo, na ambacho tangu mwaka 2005 kimetajwa katika Katiba yao kuwa lugha rasmi ya pili, husikika njiani pamoja na Kiganda.

Mwenyeji wangu ni askari polisi mstaafu, mtu wa Arua kwa asili, aliyetumikia miaka 33. Nami nilipata kuvaa gwanda zamani, basi twaitana "afande" kama ilivyo desturi ya watu wa kazi hiyo. Nilipofika nilimkuta amekaa barazani, amevaa shati lililopigwa pasi, na uso wake haukuwa wa mtu aliyelala vema.

"Afande," aliniambia baada ya salamu na chai, "umekuja siku njema. Leo nimekubali kwenda kuitazama kazi ya kitinda mimba wangu. Anapika pombe."

Alilitamka neno hilo la mwisho kama mtu atoaye ushahidi mbele ya hakimu.

Nikaelezwa habari yote. Kijana huyo alikuwa amesoma mambo ya vyakula katika chuo kikuu, akaajiriwa ofisini, kisha akaiacha ofisi na kujiunga na wenzake katika kiwanda kidogo cha bia papo hapo Bukoto, mwendo wa dakika 15 kwa miguu. Miaka miwili ilikuwa imepita na baba yake alikuwa hajakanyaga mlango wa kiwanda hicho. Sasa walikuwa wamepika bia mpya, nyepesi, iliyotiwa mahindi, na kijana alikuwa amemtuma mama yake aseme na mzee.

Mkewe, aliyekuwa akichambua maharage ukutani, hakuinua kichwa. "Mwende tu," alisema. "Kuangalia si kunywa."

Njiani mwenyeji wangu alinieleza sababu ya moyo wake kuwa mzito. Alizaliwa katika kota za polisi. Baba yake alikuwa konstebo, na mama yake alikuwa mpika kwete. Wasomaji wetu wasioijua kwete na waelewe kwamba ni pombe ya mahindi ya watu wa kaskazini ya Uganda na West Nile, ambayo imehamia mijini pamoja nao. Mahindi husagwa kwa kukwaruzwa, hukandwa kwa maji yakawa donge zito, huachwa siku mbili au tatu yachachuke, kisha hukaangwa juu ya bati pana mpaka yawe ya kahawia na kunukia. Baada ya hapo hutiwa maji na kimea cha ulezi, yakaachwa tena yaumuke, na mwisho huchujwa. Mtu wa Kenya ya magharibi atasema hiyo ni busaa, nasi kwetu tunao komoni wa nyanda za juu za kusini, ambaye ni ndugu yao wa karibu.

"Mama alikuwa na madebe mawili," alisema afande. "La kwanza mahindi ya posho, la pili mahindi ya kwete. Debe la posho alilifunika kwa sahani na juu yake akaweka jiwe. Hata kwete ikiisha na wateja wakigonga mlango na fedha mkononi, jiwe lile halikuondoka. Kwa debe la pili alinilipia ada ya shule mpaka nikamaliza. Lakini baba yangu, mshahara wake uliishia katika mitungi ya majirani. Mama akiuza kwa waume za wenziwe, wenziwe wakiuza kwa mume wake. Mwisho wa mwezi fedha za kota nzima zilikuwa zikizunguka mlango hadi mlango, wala hazikufika dukani. Moshi wa lile bati la kukaangia ninao machoni mpaka leo. Niliwasomesha watoto wangu ili moshi ule usiwafikie."

Sikuwa na neno la kumjibu. Neno posho lenyewe, ndugu msomaji, lina historia ya askari. Kwetu posho ni sehemu ya chakula apewayo mtu wa kazi, tangu siku za misafara ya wapagazi. Katika Uganda neno hilo limekuwa jina la ugali wa mahindi wenyewe, kwa kuwa unga wa mahindi ndio uliogawiwa askari, vibarua na wanafunzi. Nafaka yenyewe si ya asili yetu. Ilitoka Amerika, ikaletwa Afrika na Wareno tangu karne ya 16, nasi tukaiita muhindi kama kitu kilichokuja kwa njia ya bahari. Waganda huiita kasooli. Leo nyumba nyingi za Afrika Mashariki haziwezi kusema zimekula pasipo hiyo.

Kiwanda chenyewe hakikuwa na fahari. Ni nyumba ya kawaida yenye ua, imeongezewa banda la bati. Ndani mlikuwa na mapipa ya chuma kisichoshika kutu, mirija, mizani, na harufu iliyofanana na uji uliopoa. Yule kijana alitupokea kwa heshima, akamwinamia baba yake, akaniita "mzee" na kutupa viti. Mikono yake ilikuwa na mabaka ya maji ya moto. Naliona baba yake akiitazama mikono ile kwa muda.

Alituonyesha kazi kwa utaratibu. Bia hufanywa kwa shayiri iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa, yaani kimea. Shayiri hulimwa pia Uganda, katika miteremko ya Kapchorwa na Kigezi. Ndani ya kimea mna vimeng'enya, navyo ndivyo vigeuzavyo wanga kuwa sukari, ili hamira ipate kuila na kuigeuza kilevi. Mahindi makavu hayana vimeng'enya vya kutosha, na wanga wake haulegei upesi. Kwa hiyo sharti mahindi yakobolewe na kutolewa kiini, maana mafuta ya kiini huua povu la bia. Kisha hupikwa kama uji, na uji huo humiminwa katika pipa la kimea, joto likishikwa karibu nyuzi 65 kwa muda wa saa moja. Katika bia hii waliweka sehemu mbili za mahindi kwa nane za shayiri. Maji matamu yatokayo huchujwa, huchemshwa pamoja na maua makavu ya mmea uitwao hopsi, ambayo hutoka nchi za baridi na ndiyo yaletayo uchungu, kisha hupozwa na kutiwa hamira.

"Ugumu wa laga ni baridi," alisema kijana. "Hamira yake hufanya kazi kwenye nyuzi 10 hadi 13, tena polepole. Baadaye bia hulazwa majuma kadhaa karibu na baridi ya barafu ili itulie. Jina laga latoka katika neno la Kijerumani lenye maana ya kuweka ghalani. Umeme ukikatika hapa Kampala, sisi hatulali."

Nilimwuliza kama kutia mahindi si hila ya kupunguza gharama, kwa sababu nimepata kuwasikia watu wakisema hivyo. Akacheka. Alisema kwamba huko Bavaria, katika Ujerumani, sheria ya mwaka 1516 iliamuru bia ifanywe kwa shayiri, hopsi na maji tu, na tangu hapo wengi wameyadharau mahindi. Lakini Wajerumani waliohamia Marekani katika karne ya 19 waliikuta shayiri ya huko ina protini nyingi mno, nayo iliifanya bia kuwa nzito na yenye ukungu. Wakajifunza kuipunguza nguvu kwa mahindi na mchele, na mtaalamu mmoja mzaliwa wa Bohemia, Anton Schwarz, aliieneza elimu hiyo kwa maandishi yake. Hivyo mahindi yaliingia katika bia ya kizungu ili kuifanya nyepesi na ya kung'aa.

Huku kwetu nafaka za wenyeji zimerudi katika chupa kwa njia nyingine. Viwanda vikubwa vya Uganda ni viwili vya zamani: Uganda Breweries cha Port Bell, kilichoanzishwa mwaka 1946, na Nile Breweries cha Jinja, kilichofuata katika miaka ya 1950. Mwaka 2002 kiwanda cha Jinja kilitoa bia ya mtama iitwayo Eagle, iliyotumia mbegu ya Epuripur iliyotoka katika kituo cha utafiti cha Serere. Serikali hutoza ushuru pungufu kwa bia zitumiazo mazao ya nchi, na wakulima wa mtama wakapata mnunuzi. Mama wa kota za polisi, aliyekuwa akichuja kwete yake tangu zamani, hakuhesabiwa katika habari hiyo, ingawa alikuwa ametangulia.

Kisha bia ikaletwa. Nilipewa bilauri moja ndefu. Rangi yake ilikuwa ya mabua makavu yamulikwapo na jua, safi kabisa, hata niliona vidole vyangu upande wa pili. Povu lilikuwa jeupe na jembamba. Niliinusa, nikanywa kidogo. Ilianza kwa utamu mdogo kwenye ncha ya ulimi, kama utamu wa hindi bichi lililochemshwa, ukapita upesi, ukafuatwa na uchungu hafifu, kisha kinywa kikawa kikavu na safi. Haikuwa na uzito. Katika joto la adhuhuri ingemridhisha mtu mwenye kiu, na hapo ndipo ilipo hatari yake, kwa sababu kinywaji chepesi mdomoni si chepesi kichwani. Ubao ukutani ulionyesha kilevi cha asilimia 4.2. Kwa bei ya bilauri hiyo mtu angenunua zaidi ya kilo tatu za unga wa posho. Nililiwaza jambo hilo, nikanywa polepole.

Nilimsifu kijana kwa harufu ya mahindi. Akanisahihisha kwa adabu. "Mzee, harufu kali ya mahindi ya kuchemshwa ndani ya bia mara nyingi haitoki katika mahindi. Hutoka katika kimea cha shayiri kisichochemshwa sawasawa, nayo ni kasoro. Mahindi yenyewe huleta wepesi na utamu mdogo tu." Nikajifunza kwamba pua ya mgeni yaweza kusifu kosa.

Baba yake alikuwa hajasema neno. Aliacha pombe mwaka 1991, na hakuna aliyemshurutisha. Lakini aliichukua bilauri yangu, akaisogeza puani, akaishika hivyo kwa muda kabla ya kuirudisha mezani.

"Hii haikukaangwa," alisema.

"Haikukaangwa, baba. Hatuna bati la nyanya."

"Nionyeshe mahindi."

Tukaongozwa hadi stoo. Palikuwa na magunia sita juu ya mbao, mbali na ukuta, jinsi ipasavyo. Mzee alifungua moja, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya punje, akazitafuna mbili. Kisha akaomba chupa kavu na chumvi kavu. Jambo hilo alifundishwa na bwana shamba alipostaafu na kulima ekari tatu: utie mahindi katika chupa, uongeze chumvi kidogo, uifunge na kuitikisa vizuri, halafu uiache dakika chache. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. Isiposhika, yamekauka kiasi cha kuwekwa.

Kijana alikuwa na kipimo cha umeme kipimacho unyevu, nacho kilikuwa palepale juu ya rafu. Hakukitaja. Alileta chupa na chumvi.

Hapa yafaa niwaeleze wasomaji, hasa mama wa nyumbani, kwa nini mzee huyo hakuuliza habari za kilevi kwanza. Mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini, na haiondolewi kwa kupika ugali wala kwa kuchemsha pombe. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki ya Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo, na wakulima wengi wakakwama na mizigo yao mipakani. Kanuni ya Afrika Mashariki yataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Punje zilizovunjika, zenye ukungu au zilizobadilika rangi na zichambuliwe na kutupwa, wala zisipewe kuku, wala zisitengwe kwa ajili ya pombe. Tena mtu asidanganyike: chupa ya chumvi huonyesha unyevu tu, haionyeshi sumu. Mahindi yaweza kuwa makavu leo na hali yalikwisha kuharibika yalipokuwa mabichi. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mahindi yaliyowekwa mabichi huoza, na aliyeyaweka huozea nayo.

Mzee aliitikisa chupa. Tukangoja. Alipoiinua kwenye mwanga wa dirisha, chumvi yote ilikuwa chini, na kioo kilikuwa safi. Akafanya hivyo kwa gunia la pili na la tatu. La nne, lililokuwa limetengwa pembeni na kufungwa kamba nyekundu, lilipopimwa chumvi ilinata.

"Na hili?"

"Hilo nalirudisha kwa muuzaji leo jioni, baba. Ndiyo maana ya kamba."

"Ungeweza kulichanganya na mengine. Katika bia nani angejua?"

"Mimi ningejua."

Mzee aliifuta chupa kwa leso yake na kuirudisha. Kisha akamwuliza mwanawe swali ambalo nadhani alikuja nalo toka nyumbani, au pengine toka katika kota za utoto wake. "Mshahara wako," alisema, "hufika kwa mke wako ukiwa mzima?"

Kijana hakukasirika. Alieleza kwamba fedha ya chakula na ya kodi hutumwa kwa simu siku ileile aipatayo, kabla hajaondoka kazini, na kwamba kiwandani wamepatana kutokunywa kazini zaidi ya kuonja na kutema. Machicha yatokayo katika mapipa huchukuliwa na mama mmoja wa Kisaasi kwa ng'ombe wake. Baba alisikiliza habari hiyo ya machicha kwa makini kuliko yote, maana mama yake alikuwa akifuga kuku kwa machicha ya kwete.

Tulirudi kwa miguu saa kumi. Mahindi yalikuwa yameanza kuchomwa kando ya njia, na watoto wa shule walikuwa wamewazunguka wachomaji. Afande alinunua mawili, akanipa moja, akalimega lake punje kwa punje bila kuzungumza.

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili mtu akatafute bia ya mahindi, wala ili aliyekwisha kuacha ajaribiwe. Kila kambi na kila kota ina mtungi wake, uwe wa udongo au wa chuma kinachong'aa. Mpishi anaweza kuwa mama wa jirani au kijana mwenye shahada. Nilichokiona Bukoto ni kwamba swali la yule mama mwenye madebe mawili halijapitwa na wakati: lipi ni debe la posho, na nani analilinda jiwe lililo juu yake? Askari apokeaye mshahara leo na alijibu swali hilo kabla hajapita mahali panapouzwa bilauri, maana akiisha kukaa hapo majibu yake hubadilika.

Nyumbani tulikuta chakula tayari, posho nyeupe na maharage yaliyoungwa kwa karanga. Mama alitunawisha mikono, akakaa, akamtazama mumewe.

"Je, umeionja?"

"Sikuionja," alijibu. "Niliyashika mahindi yake. Ni makavu."

Mama aliinamisha kichwa na kuanza kupakua. Alimpakulia kwanza mgeni, kisha mumewe, kisha akatenga sahani ya tatu, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka kando ya jiko, kwa kuwa yule kijana alikuwa amesema angepita jioni.